Kalibu kongwe za risasi: ununue ya jiwe, ya koleo, ya Colt au ya Ideal?

Weka mezani kalibu mbili za chuma, zile za kumiminia risasi ya moto ipate umbo, moja imegongwa namba 44 na nyingine 54. Muuzaji atakuapia kwamba ya 54 ndiyo kubwa, na bei ataipandisha kwa sababu hiyohiyo. Zipime. Zote mbili zinatoa gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 11 na kitu, na tofauti yake huioni kwa macho. Namba 44 ni hesabu ya Kimarekani: sehemu 44 kati ya 100 za inchi. Namba 54 ni hesabu ya kale ya Waingereza: gololi 54 za ukubwa huo hutimiza ratili moja ya risasi. Katika hesabu hii ya pili, namba ikipanda gololi inapungua. Ndiyo maana bunduki ya namba 12 ina mtutu mpana, milimita 18 na nusu, kuliko ya namba 20.

Mimi mwenyewe nimewahi kulipia "ukubwa" wa namna hiyo, kwa hiyo simcheki mtu. Lakini namba hizo zinafundisha jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua: kalibu haikuzaliwa peke yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki, mara nyingi bunduki moja tu, na bila bunduki hiyo haikuwa na kazi. Miaka ilivyokwenda, mapacha hao, kalibu na bunduki, waliachana, kwanza jeshini, kisha viwandani, hadi risasi ikawa kitu cha kununua dukani ndani ya boksi. Kwa hiyo ninapolinganisha kalibu siulizi kwanza ni ya mwaka gani wala ina kutu kiasi gani. Nauliza: je, bado inaweza kunipeleka kwenye bunduki yake?

Msomaji wa Kiswahili anaingia kwenye mada hii akiwa na mtaji. Kwetu risasi ni madini, yale mazito ya kijivu yanayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, na ni hicho pia kinachotoka kwenye mtutu. Jina moja limebeba vyote viwili. Kumimina madini kwenye umbo tunaita kusubu, na umbo lenyewe ni kalibu, neno lililotoka Kiarabu. Wanaisimu wengi wa Ulaya hulitoa neno lao la upana wa mtutu kwenye neno hilohilo la Kiarabu, na kalipa ya fundi wa gereji ni ndugu yake wa karibu. Hata "mchezaji wa kaliba ya juu" ana jamaa zake kwenye sufuria ya risasi.

Jiwe au koleo?

Kalibu ya jiwe inavutia macho kuliko zote, na ndiyo ninayokushauri uiogope. Ni vipande viwili vya jiwe la sabuni vilivyosuguliwa hadi vikakutana bila mwanya, kila kimoja kina nusu ya shimo la gololi na nusu ya mfereji wa kumiminia. Walowezi wa Amerika Kaskazini walizitumia kwa sababu nzuri: jiwe hilo linachongeka kwa kisu cha kawaida, linavumilia moto, wala halishiki kutu. Asiye na fundi wa chuma karibu aliweza kujichongea yake.

Sifa hizo hizo ndizo zinazomtesa mnunuzi. Kitu ambacho mtu yeyote aliweza kukichonga kwa kisu mwaka 1770, mtu yeyote anaweza kukichonga kwa kisu leo. Jiwe hilo ni la jamii moja na lile la Tabaka kule Kisii, na mchongaji hodari wa huko angekutolea kalibu ya "karne ya 18" kabla ya chakula cha mchana. Haina jina la fundi, haina namba, haina bawaba ya kuchunguza uchakavu wake. Ikiwa haikuja na historia ya nyumba ilimotoka, unanunua jiwe na maneno ya muuzaji.

Kwa wapenda ukale wa kweli kuna risasi za kombeo za Wagiriki na Warumi, zenye umbo la lozi. Waliozisubu walichonga maneno ndani ya kalibu ili yatokee yameinuka juu ya risasi, na mojawapo ya maneno ya Kigiriki yanayojulikana linamwambia adui: "Pokea!" Mji wa Perusia (Perugia ya leo, Italia), uliozingirwa mwaka 41 hadi 40 KK, umeacha nyingi za Kirumi zenye matusi yasiyofaa kuandikwa hapa. Ila hizo ni risasi zenyewe. Kalibu zake zitazame makumbusho, usizitafute sokoni.

Sasa linganisha na kalibu ya koleo. Hii ni ya chuma, vichwa viwili vidogo vilivyounganishwa kwa bawaba, na mikono yake ni chuma kitupu. Aliyeitumia alishika kwa kitambaa au ngozi, maana baada ya gololi kumi hivi mikono nayo ilikuwa imepata moto. Karne ya 18, mafundi wa Pennsylvania, wengi wao wenye asili ya Kijerumani, walitengeneza bunduki ndefu zenye mifuo, yaani mifereji ya kuizungusha risasi, ndani ya mtutu, na kila mtutu ulitoka na upana wake, hakuna wawili waliolingana kabisa. Fundi alimaliza mtutu, akatengeneza kekee yenye kichwa cha duara kilichofuata upana huo, akaifungia katikati ya vichwa viwili vya koleo na kuizungusha huku akibana, mpaka shimo likakamilika. Mteja aliondoka na bunduki na kalibu yake. Akiipoteza kalibu, alikuwa amebaki na fimbo ghali.

Gololi hiyo ilikuwa ndogo kidogo kuliko mtutu, ikavishwa kipande cha kitambaa chenye mafuta kilichoshika mifuo. Kwa hiyo ukikuta koleo la namna hii likiwa bado pamoja na bunduki, na gololi ya nta kutoka kwenye shimo lake ikaingia mtutuni ikibakiza nafasi ya kitambaa tu, umepata kitu ambacho hakuna nakala ya kiwandani inayoweza kukiiga. Likiwa peke yake ni rahisi, wakati mwingine bei ya koleo la kawaida gulioni, na linabaki yatima. Mimi bado hulipenda kuliko la jiwe. Bawaba iliyolika haidanganyi kirahisi: shika mikono miwili, tikisa kidogo, usikie inavyocheza. Koleo lililosubu gololi maelfu lina mchezo pale kwenye msumari wa bawaba, na midomo yake imelika kwa kukatia ule mkia wa risasi unaobaki mahali pa kumiminia.

Maelfu si neno la kupamba. Tarehe 9 Julai 1776, baada ya Tangazo la Uhuru wa Marekani kusomwa New York, watu waliiangusha sanamu ya Mfalme George III wa Uingereza, iliyokuwa ya risasi iliyopakwa dhahabu. Sehemu kubwa ya madini yake ilipelekwa Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, na humo wanawake na watoto wakaisubu. Hesabu yao iliandikwa kwa jina: Ruth Marvin 11,592, Mary Ann Wolcott 10,790, Laura Wolcott 8,378, na kijana Frederick 936. Jumla ilifika 42,088. Ninapoiona kalibu ya koleo naifikiria ile orodha zaidi ya ninavyomfikiria askari. Kusubu ilikuwa kazi ya jikoni, kando ya moto uleule wa ugali wao, na mara nyingi aliyeshika koleo hakuwa aliyeshika bunduki.

Pwani yetu nayo ilikaa na utaratibu huu muda mrefu kuliko Ulaya, na si kwa kupenda. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifuo. Wakati majeshi ya Ulaya yamekwisha kuhamia kwenye risasi za kiwandani, gobori la bara liliendelea kulishwa gololi za kusubu kwa mkono.

Shaba ya jeshi, na yule mdudu wa vipande vitatu

Jeshi halikuweza kuishi na pacha. Askari elfu kumi wenye kalibu elfu kumi tofauti ni balaa la ugavi. Dawa yake ilikuwa kuifanya gololi iwe ndogo kuliko mtutu kwa makusudi: musketi, bunduki ndefu ya askari wa Uingereza wa karne ya 18, ilikuwa na mtutu wa milimita 19 hivi, gololi yake milimita 17 na nusu. Iliingia mtutu wowote, hata uliojaa masizi ya baruti, na ikakosa shabaha kwa uhuru uleule. Hapo ndipo zinapotoka kalibu ndefu za shaba njano zenye mashimo mengi kwa safu. Unamimina mara moja, unafungua, unatoa fimbo ya risasi yenye gololi zilizopangana kama shanga, unazikata.

Kama kitu cha kuweka kabatini, kalibu hiyo ya shaba ina sura, ina uzito, na mgeni wako ataiulizia. Kama ushahidi ni dhaifu: ilitengenezwa ili isiwe ya bunduki yoyote hasa. Ningeichagua kwa makumbusho au kwa darasa la historia, si kwa kabati dogo la nyumbani.

Ya Minié ni habari nyingine. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa risasi ndefu yenye ncha na tako lenye uvungu. Inaingia mtutuni kwa wepesi wa gololi ya jeshi. Baruti ikilipuka, tako linatanuka na kushika mifuo. Ya kwake ilikuwa na kikombe cha chuma ndani ya uvungu. James Burton wa kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry, Marekani, alikiondoa kikombe hicho, na jeshi la Marekani likaipokea kwa bunduki za mwaka 1855 zenye mtutu wa sehemu 58 kati ya 100 za inchi.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kalibu ya Minié ina vipande vitatu, si viwili. Nusu mbili za kawaida, na kijiti cha chuma kinachoingia kwa chini kutengeneza uvungu. Kijiti ndicho kinachopotea, na ndicho kinachotengenezwa upya na kupachikwa. Kikiwa na rangi tofauti na mwili, au kikiwa kimekaa upande, punguza bei mara moja au ondoka. Kikiwa chake, hii ndiyo kalibu inayoeleza zaidi kwa kuitazama tu: ukiwa umeishika huhitaji kuhadithiwa kwa nini askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliweza kulenga mbali kuliko babu zao. Viwanda vikubwa vya jeshi lakini vilikuwa vimeanza kuibana risasi baridi kwa mashine badala ya kuiyeyusha, na risasi ya kubanwa haina ule mstari wa pande mbili unaoachwa na kalibu. Muuzaji akikuwekea risasi laini zisizo na mstari kando ya kalibu yake na kukuambia zilitoka humo, umeshajua.

Kuhusu marisau sina mengi. Punje ndogo za kupigia ndege hazikuhitaji kalibu: William Watts wa Bristol alipata hataza mwaka 1782 kwa kudondosha risasi iliyoyeyuka kupitia chujio kutoka juu sana, ikageuka duara ikiwa hewani na kuangukia majini. Mnara wa Baltimore wa 1828, wenye mita 71, bado umesimama. Mwingizaji wa mnara huo kabatini simfahamu.

Colt au Ideal?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hufika, kwa kuwa majina haya mawili yameandikwa juu ya chuma chenyewe.

Kalibu ya Colt, mtengenezaji wa bastola wa Marekani, iliuzwa pamoja na bastola, ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa, karibu na chupa ya baruti, kopo la fataki za kuwashia baruti na ufunguo wa nipeli, yaani vichuchu vinavyovishwa fataki hizo. Ina mashimo mawili: moja la gololi, moja la risasi yenye ncha. Juu yake kuna kibamba kinachozunguka ili kukata mkia, nacho kwa kawaida kimegongwa COLTS PATENT. Pacha yake unamjua hata kabla ya kuigeuza: namba 31 ni bastola ya mfukoni ya 1849, 36 ni ya jeshi la wanamaji ya 1851, 44 ni ile ya jeshi ya 1860 au ndugu zake wazito waliotangulia. Colt alikuwa amefanya jambo ambalo fundi wa Pennsylvania hakulifanya, kulinganisha mitutu yote ya aina moja, kwa hiyo kalibu ya mwenzako inafaa bastola yako. Upacha bado upo, ila sasa ni wa ukoo mzima.

Tatizo ni kwamba jina hilo linauza. Nakala za bastola za Colt zimetengenezwa kwa wingi tangu miaka ya 1960, hasa Italia, na kalibu za shaba zinazofanana zikafuatana nazo. Nyingi ziliuzwa kihalali kama nakala. Miaka hamsini ya kukaa kwenye droo na kemikali kidogo vimezizeesha. Angalia ndani ya mashimo, si nje. Rangi ya umri inapakwa kwa urahisi juu ya mwili, lakini shimo lililopokea risasi ya moto mara nyingi lina ukijivu ulioingia kwenye ngozi ya shaba, na kibamba cha kukatia kimeacha mikwaruzo ya upinde palepale kinapopita. Shaba yenye nje ya mwaka 1851 na shimo la juzi haifai hata kujadiliwa bei.

Ideal haina utukufu huo. John Barlow aliianzisha kampuni hiyo New Haven, Connecticut, mwaka 1884, wakati risasi zilikuwa tayari ndani ya maganda ya shaba yanayoweza kujazwa tena. Chombo chake maarufu ni koleo lililopakwa nikeli lenye kazi kadhaa za kujazia ganda, na katika aina zake kadhaa kalibu imo kwenye ncha ya koleo hilohilo. Kampuni iliuzwa kwa Marlin mwaka 1910 na ikaishia kwa Lyman mwaka 1925, nalo jina Ideal likaendelea kugongwa. Ukisoma New Haven juu ya chuma, uko upande wa kabla ya Lyman.

Faida yake kubwa ni namba. Kalibu zilizofuata za Ideal zina namba ya katalogi ambayo tarakimu zake tatu za kwanza ni kipenyo kwa elfu za inchi. 457124 ni risasi ya inchi 0.457, ya bunduki ya jeshi la Marekani ya 1873. Huhitaji muuzaji akueleze. Chombo chenyewe kinajitambulisha, na kwa kuwa bei zake ni za kawaida, waghushi hawajasumbuka nazo.

Kwa hiyo, Colt au Ideal? Kama hii ni kalibu yako ya kwanza, Ideal, bila kusitasita. Utajifunza kusoma uchakavu, kutu na mihuri kwenye kitu kisichoweza kukufilisi. Colt isubiri hadi uwe umeshika kumi za kweli kwa mikono yako, na uinunue kwa anayekubali kuipokea ukiirudisha. Sanduku likiwa kamili ni bora, ingawa masanduku nayo hujazwa vitu vya kuokoteza: hakikisha kalibu imekaa ndani ya chumba chake bila kulazimishwa, na kwamba kitambaa chini yake kimefifia kwa umbo lake, si la kitu kingine.

Mwenye moyo wa hadithi na mfuko mwembamba achukue koleo la chuma lenye namba ya Kiingereza. Utakuwa na kitu cha kweli, na kazi ya kumtafutia pacha wake itakuchukua miaka, jambo ambalo kwa wengine wetu ndiyo starehe yenyewe. Minié ni ya pili au ya tatu kununua. Ya jiwe ni ya mwisho, au kamwe.

Enzi ya zote ilifungwa na kemia. Mswisi Eduard Rubin alitoa risasi yenye koti la shaba mwaka 1882, Wafaransa wakatoa bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi mwaka 1886, na kwa kasi hiyo mpya risasi tupu ya kusubu haikuweza kushika mifuo. Kalibu zikabaki kwa wawindaji na walenga shabaha.

Kabla hujalipa, na baada

Usisugue kwa brashi ya waya wala msasa. Utaharibu thamani, na vumbi litakalotoka lina risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, nawa mikono, usiihifadhi jikoni. Kuhusu kuitumia: kalibu ni kifaa cha kutengenezea risasi, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa Tanzania na Kenya. Unayeagiza kutoka ng'ambo uliza ofisi ya leseni za silaha kwanza, upate jibu la maandishi, kisha ndipo ulipe.

Ukitaka kuona kilichotoka humo zamani, nta ya mshumaa inatosha. Paka tone la mafuta, funga kalibu, mimina, subiri ipoe kabisa. Nta husinyaa kidogo, kwa hiyo pima pia shimo lenyewe kwa kalipa, pande mbili, kwenye mstari wa kiungo na mkato wake. Vipimo viwili vikitofautiana sana, nusu hizo mbili si za kalibu moja.